Mjadala: Sehemu za Jamaica zisizojulikana zitangazwe, au waachiwe wenyeji?

Kaskazi (mwanzisha mada)
Wageni wengi wanaokwenda Jamaica huishia Montego Bay, Negril na Ocho Rios. Siku hizi kuna wimbi la makala za "sehemu wasizozijua watalii": ufuo wa Winnifred, maporomoko ya Reach, bonde la Rio Grande, na eneo la msitu na mapango la Cockpit Country. Msimamo wangu ni kwamba makala hizo zinaharibu. Mahali pakishatajwa, anakuja mwenye basi, kisha mwenye pesa, kisha ukuta. Tuache kutaja majina. Anayepinga alete hoja, matusi abaki nayo.

Ngalawa
Mkuu, ukuta hauletwi na makala, unaletwa na sheria. Sheria ya Udhibiti wa Fukwe ya 1956, ya enzi ya mkoloni na inayotumika mpaka leo, iliweka ufuo na sakafu ya bahari mikononi mwa Ufalme, yaani serikali. Mwananchi wa kawaida hakupewa haki ya jumla ya kuogelea wala kupita. Wavuvi waliokuwa na haki zao kabla ya hapo waliachiwa. Wengine huingia kwa hisani ya mwenye leseni au mwenye ardhi.

Mlango uliobaki uko kwenye sheria ya 1882 ya haki zitokanazo na matumizi ya muda mrefu. Umma ukitumia ufuo kwa kuvua, kuoga au kujiburudisha miaka 20 bila kukatizwa, na ukawa na njia unayopita kuufikia, haki hiyo haiondoki tena, ya ufuo na ya njia pia. Isipokuwa kama matumizi yalitokana na ridhaa ya maandishi. Hapo ndipo watu hujifunga wenyewe: kikundi cha wenyeji kinatia saini karatasi ya "ushirikiano" na mwenye kiwanja, kumbe kimekiri kwamba watu wanaingia kwa ruhusa. Au mnyororo unafungwa njiani, watu wananyamaza, na mwenye ardhi anapata hoja kwamba matumizi yalikatizwa.

Winnifred iliokolewa hivyo. Shirika la serikali la maendeleo ya miji lilitaka kuuendeleza ufuo, wenyeji wakaenda mahakamani 2007, na 2014 ikaamuliwa kwamba umma una haki. Kesi za aina hii husimama kwa watu wanaoweza kusema nani alioga hapo, nani alivua, nani alipita wapi. Ufuo wa siri utapata wapi mashahidi?

Mkoko
Ngalawa, sheria umeieleza vizuri, ila hitimisho limeteleza. Mashahidi ni wenyeji, nao hawahitaji makala ya mtu ili waende kuoga kwao. Angalia Blue Lagoon, papo hapo Portland, mkoa ule ule wa Winnifred: shimo la kina cha mita 50 na zaidi, maji baridi ya chemchemi yakitoka chini na kuchanganyika na ya chumvi. Inajulikana dunia nzima. Pamoja na hayo eneo lake la ufuo lilifungiwa umma 2022, na wanaharakati wa haki ya fukwe wakalazimika kulipeleka suala mahakamani. Umaarufu ulisaidia nini?

Kombe
Wakati mnabishana, watu wanakwenda hata hivyo, tena wanakwenda vibaya. Kwa wanaotaka Portland:

Kutoka Kingston kwenda Port Antonio kuna njia ya Castleton hadi Annotto Bay halafu mashariki, na ya pwani kupitia Morant Bay. Ile ya Milima ya Blue kushukia Buff Bay inapendeza kwa macho, lakini udongo huporomoka mara kwa mara mvua ikinyesha. Ulizia kabla hujapanda. Teksi za ruti halali zina namba nyekundu. Gari lenye namba nyeupe linalobeba abiria halina leseni ya kazi hiyo, kwa hiyo likipata ajali usitegemee bima.

Winnifred iko Fairy Hill, mashariki ya Port Antonio. Barabara ya kushukia ni mbovu, gari la chini litakwaruza tumbo. Acha gari juu utembee. Hakuna kiingilio, ila utaombwa mchango wa usafi. Toa, hiyo ndiyo hela ya kuzoa taka.

Maporomoko ya Reach, karibu na Manchioneal, yana kiingilio na siku za kufungwa. Ukifika siku hizo utakuta vijana nje ya geti wanaokupandisha mtoni kwa njia ya juu. Hatari ni mvua ya milimani. Huku chini jua linawaka, kule milima ya John Crow inanyesha. Ukiona maji yanageuka rangi ya kahawia au majani na vijiti vinaanza kuteremka, toka mtoni papo hapo, usimalizie picha. Oktoba na Novemba usiende bila mwenyeji.

Kaskazi
Kombe, nimesema tusitaje majina, wewe umechora ramani kabisa!

Matlai
Niwaongezee la kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Vizuri kabisa. Lakini mchanga uwe wako, na uchochoro kati ya hoteli mbili ukafungwe geti, utaufikia kwa mabawa? Haki ya ufuo bila njia ni ya kwenye karatasi.

Ngalawa
Matlai umegonga penyewe. Ndiyo maana ile sheria ya 1882, kwa uzee wake wote, ni kali: inaitaja njia. Kwa hiyo anayeandika kuhusu ufuo aeleze njia: inaanzia wapi kwenye barabara kuu, inapita kando ya nini, upana wake, tarehe aliyopita. Picha ya machweo haimsaidii wakili yeyote.

Mkoko
Hapo nakubali, kwa fukwe tu. Cockpit Country ni habari nyingine. Ule ni mwamba wa chokaa uliojaa mashimo, maji ya mvua huzama chini, na unaweza kutembea siku nzima usikute kijito. Njia ya miguu kutoka kijiji cha Troy hadi Windsor ni kama kilomita 16. Watu huanzia Troy kwa sababu mteremko unaelekea Windsor. Lakini msitu huifunika, na aliyepotea humo hutafutwa na wanakijiji walioacha mashamba yao. Bila kiongozi wa pale pale, usithubutu.

Kombe
Na magharibi ya kisiwa muulize kwanza. Kimbunga Melissa kilipiga 28 Oktoba 2025 upande wa mkoa wa Westmoreland, na mkoa jirani wa St. Elizabeth uliumia sana. Mwongozo wowote wa Black River au Treasure Beach, za huko St. Elizabeth, ulioandikwa kabla ya hapo usiuamini kwa malazi wala barabara.

Kaskazi
Sawa, nalegeza kwa fukwe zenye mgogoro: tajeni, na njia mwandike. Kwenye mapango silegezi. Pango kubwa la Windsor lina makundi makubwa ya popo, na taa na kelele zinawatibua. Mtu asiweke majiranukta (namba za mahali kwenye ramani) ya pango lingine lolote hapa, nitaomba ujumbe wake ufutwe.