Mjadala wa Lubumbashi: Mtu wa jukwaa akiandika riwaya, tununue kitabu au jina?

Msomaji, Kamalondo: Gaël Faye alijulikana kwa rap kabla ya riwaya yake ya kwanza ya 2016, ya pili ikapata tuzo ya Renaudot ya Ufaransa 2024. Kwa wengi huo ni ushahidi tosha kwamba msanii anaweza riwaya. Kwangu bado. Mchapishaji aufunike jina muswada wa msanii, asome kurasa 30, ndipo aamue.

Msomaji, Katuba: Napinga, yaya (mkubwa wangu). Jukwaa ni shule. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, husoma maandishi yake mbele ya watu akisindikizwa na wanamuziki, na riwaya yake ya kwanza ilipata tuzo ya fasihi ya Etisalat ya 2015. Marudio ya jukwaani ndiyo yanayoisukuma riwaya hiyo.

Mhariri, Kenya (ya hapa, si ile nchi): Sikio peke yake halimalizi kazi. Wimbo wa dakika 4 una maneno kama 300. Riwaya ya kawaida 60,000. Kinachovunjika kwanza ni mazungumzo. Jukwaani mwigizaji akisema "Weye!", jicho, mkono na kimya vinamalizia. Karatasi inabaki na "Weye!" tupu.

Kundi la Mufwankolo, la maigizo ya hapa Lubumbashi, lilitunga michezo bila maandishi: wanakubaliana kisa, kisha kila mmoja anatafuta maneno yake katika mazoezi. Ukinakili onyesho la namna hiyo neno kwa neno, unapata watu watano wanaokatizana. Kwa hiyo: nakili yote, futa nusu ya maneno. Kila watazamaji walipocheka, andika kilichowachekesha, maana mara nyingi ni kofia au mwendo, si neno. Chagua msimulizi mmoja, uandike sura ya kwanza upya kwa jicho lake. Rasimu ya pili asome mtu mwingine kwa sauti; msanii akisoma mwenyewe, sauti yake inaficha mashimo.

Kamalondo: Sawa. Na lugha je? "Njo" (ndiyo) na "paka" (tu) za Kiswahili cha hapa ziingie kitabuni?

Katuba: Kwa wahusika, ziingie. Mama wa sokoni akisema "njo vile", mwache. Ukimwekea "ndivyo ilivyo" umeshamfanya mwalimu.

Mhariri: Ila tahajia iwe moja. Ukurasa wa 12 "njo", wa 40 "ndjo", msomaji atadhani ni maneno mawili.

Fundi wa chapa, Kampemba: Mimi naleta hesabu. Maneno 60,000, kwa 300 kila ukurasa, ni kurasa 200. Karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo unahitaji mikunjo 13, yaani kurasa 208. Zile 8 za ziada zinameza jina la kitabu, haki za mwandishi na shukrani. Msanii akidai picha zake 10 za maonyesho, tunafungua mkunjo wa 14, na mnunuzi ndiye anayelipa. Aanze na nakala 100, aziuze mlangoni siku ya onyesho.

Mhariri: Na uso wa msanii usikae kwenye jalada.

Kamalondo: Hilo hatakubali.

Fundi wa chapa: Basi aje na picha kubwa, safi. Ile ya WhatsApp ikichapwa inatoka ukungu.