Tupeane uzoefu: Kwaresima na watoto wanaosomea nyumbani

Mama Kihesa:
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Nyie ambao watoto wanasomea nyumbani kama sisi naomba tupeane uzoefu, Kwaresima mnaiendeshaje? Maana wenzetu watoto wanatoka asubuhi wanarudi jioni, mfungo wa mama anaujua mama na sufuria zake, sisi huku wanakuona kutwa nzima, ukiruka chai wanajua, ukianza kufoka saa saba mchana kwa njaa wanajua na wanakuambia. Sisi tulianza Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, ilikuwa katikati ya Kwaresima, na makanisa yalibaki wazi kwa hiyo wanasoma meza ya jikoni halafu Ijumaa tunaenda Njia ya Msalaba kama kawaida. Shule zilipofunguliwa Juni mwishoni wakubwa wakarudi, wadogo tukasema hawa tuendelee nao hapa hapa. Mambo ya sheria na mtaala yana mjadala wake jamani, leo tusiingie huko.

Sasa shida yangu, huyu wa miaka tisa anataka kufunga kama mimi. Nimemweleza kwamba Kanisa linadai kufunga kuanzia miaka 18 mpaka 59, na kuacha nyama ni kuanzia 14, anasema basi yeye afunge nusu. Mdogo wake wa miaka sita katangaza anaacha kuoga, na kwa baridi hii ya Iringa sidhani kama hiyo ni toba. Mwenye mbinu aseme.

Mnyalu wa Mufindi:
Kamwene dada. Kwangu mambo yako kinyume, mfungo wangu wanausimamia wao. Wa huku mnajua Kwaresima inaangukia mvua na mvua ndo ulanzi wenyewe, hii pombe yetu ya mianzi, mianzi inatoa kweli kweli, yaani wangeisogeza mpaka Agosti ningekuwa mtakatifu zamani. Jumatano ya Majivu nikatamka mbele ya watoto kwamba nimeacha mpaka Pasaka. Binti yangu mkubwa, na jedwali nimemfundisha mwenyewe kwenye hesabu, akachora jedwali la baba, tarehe huku tiki huku, kalibandika pembeni ya kalenda. Siku moja jirani kaleta mtogwa kwenye kidumu, ule ulanzi mtamu ambao bado haujachacha, nikasema huu sio pombe huu. Mtoto hakunijibu kitu, kachukua kalamu akaweka alama ya kuuliza kwenye kisanduku cha siku ile, akaendelea na imla yake. Kidumu kilirudi kwa mwenyewe kikiwa kimejaa.

Jedwali hilo hilo lilizua kesi nyingine, kahesabu kuanzia Majivu mpaka Jumamosi Kuu kapata 46 akasema padre anatudanganya si 40. Nikamwambia toa Jumapili zote sita, Jumapili sio siku ya mfungo. Katoa, karidhika, halafu akaanza kuniangalia kwamba nitajitetea na hizo Jumapili.

Mama wa Tukuyu:
Ndaga kaka nimecheka mpaka machozi 😂

Sisi Njia ya Msalaba ndo somo letu la wiki nzima. Jumatatu tunasoma Injili, Jumanne na Jumatano wanachora, Alhamisi wanaandika sala fupi kwa mwandiko mzuri (hapo mwandiko umeshasahihishwa humo humo), Ijumaa tunapita. Vituo vyote 14 wamechora kwenye maboksi, tumevifunika kwa yale majalada ya nailoni ya madaftari maana mvua ya Tukuyu mwezi wa tatu sina haja ya kuwasimulia, tumevitundika kwenye migomba kuanzia mlango wa jikoni mpaka banda la ng'ombe. Kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, kimeangukia pale kwenye mteremko ambapo kila mtu anateleza, hatukupanga. Jumuiya walipokuja kusali kwetu mzee mmoja aliteleza hapo akashikwa na watoto, akasema endeleeni nimeshatafakari.

Ila kilichonikalisha chini ni cha tano. Kijana wangu wa miaka kumi kanishikia Biblia akasema mama, Simoni wa Kirene hakujitolea kumbebea Yesu msalaba, walimkamata, alikuwa anatoka shamba amechoka zake. Halafu kwa sauti ya chini, kama mimi ukinituma maji. Tumeongea huyo Simoni kama saa nzima, hesabu za siku hiyo hazikufanyika na sijali.

Bibi Mstaafu:
Wanangu hamjambo. Mimi nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nipo Uyole, siwapingi maana nawaona wajukuu wa jirani yangu wanasoma nyumbani na wanasoma vizuri. Ila naomba niwaulize, mtoto anasoma nyumbani, anafunga nyumbani, anasali nyumbani, kwamba jirani hana chakula atajulia wapi? Darasani angemwona mwenzie aliyekuja bila kula. Na mnajua Februari na Machi huku ghala za wengi zinakuwa zimeisha, mahindi mapya bado yapo shambani, ndo miezi ya kukopa debe. Kwaresima ni kufunga, kusali na kutoa sadaka, naona hapo juu mmezungumzia viwili tu. Wapelekeni Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto pale parokiani, wakae na wenzao, kule wanafundishwa mtoto amsaidie mtoto, na mkitoa kitu wabebe wao, sio baba aingize kwenye simu kimya kimya.

Mama Kihesa:
Shikamoo bibi. Umenigusa, na nadhani umenitatulia na la yule wa kufunga nusu. Jana nimekaa naye tukakubaliana chai anakunywa bila sukari, ila kijiko chake cha sukari anakipima vile vile anakimwaga kwenye kopo, Jumamosi anapeleka mwenyewe kwa yule mama wa jumuiya yetu anayelea wajukuu. Leo asubuhi kapima kijiko cha mlima kabisa kinamwagika pembeni, nikamwambia wewe si huwa unatia sawa na ukingo, akasema hicho ni cha wageni. Wa kuoga ameogeshwa kwa nguvu.

Baba Mapacha Njombe:
Nachangia kidogo. Sisi tunatumia mwezi. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, ndo maana haitoki nje ya 22 Machi na 25 Aprili. Mapacha wanachora mwezi kila usiku, wakati wa mvua Njombe ukitoka nje unaona wingu tupu, daftari lao kurasa nyingi zimepakwa penseli nyeusi na chini wameandika "haukuonekana". Nimewaacha, hiyo nayo ni sayansi.

Lingine kwa wapenda nyama, 19 Machi ni Mtakatifu Yosefu, ni sherehe, hata Utukufu, ule wimbo wa misa unaoachwa wakati wa Kwaresima, unaimbwa siku hiyo. Ikiwa Ijumaa kuacha nyama hakudaiwi, na mwaka 2027 inaangukia Ijumaa.

Mnyalu wa Mufindi:
2027 nimeshaandika ukutani. Na ulanzi je?

Baba Mapacha Njombe:
Ulanzi uliuacha mwenyewe kaka, Kanisa halimo, muulize binti yako 😂

Mgeni wa Makete:
Mimi nasomaga tu leo naomba niulize, mama wa Tukuyu hayo maboksi mnagandishia nini? Sisi tumetumia uji wa ngano, panya wamekula Pilato na nusu ya Veronika.