Nimeokoka miaka mingi ila Mungu nahisi simjui, nyie mlifikaje kumwamini kweli?

Binti_Uyole
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnivumilie maana hili jambo linanikaa moyoni muda mrefu na kanisani naona aibu kuliuliza. Mimi nimeokoka tangu sekondari, naimba kwaya ya vijana, mikesha nahudhuria, fungu la kumi natoa, mistari ya Biblia nimeikariri mingi tu, lakini nikikaa peke yangu chumbani nikasema niombe nahisi kama naongea na mtu ambaye habari zake nimezisikia kwa wengine. Mungu wa mama namjua, Mungu wa mchungaji namjua, ila wangu mimi mwenyewe… yaani ni kama mtu anayemjua jirani yake kwa kusikia redio ukutani, hajawahi kubisha hodi. Halafu mwaka jana tuliombea sana mdogo wangu aliyekuwa anaumwa, tukafunga familia nzima, na akafariki. Tangu hapo watu wakisema "mtumaini Mungu" naitikia amina ila ndani najiuliza, nimtumaini vipi mtu nisiyemjua? Sitaki mahubiri jamani, nataka mtu aniambie yeye anafanyaje, asubuhi akiamka anafanya nini.

Mtafutaji77
Pole kwa msiba dada. Hapo kuna kifungo cha kiroho tu. Funga siku 3 kavu, tafuta mtumishi mwenye upako akuwekee mikono, utaona mambo yanafunguka.

MzeeWaZaburi
Mtafutaji, binti kaandika hapo juu familia nzima ilifunga na bado kazika. Kufunga ni kuzuri, hata mimi nafunga, ila tusimwambie mfiwa kwamba alikosa upako wa kutosha, hilo linaumiza.

Mwanangu Uyole, pole sana. Kwanza nikwambie umeuliza swali la Ayubu. Ayubu sura ya kwanza anatajwa mcha Mungu, anatoa sadaka mpaka kwa ajili ya makosa ambayo watoto wake labda wametenda, halafu ufike sura ya 42 mstari wa 5 huyohuyo anasema alikuwa amezisikia habari za Mungu kwa masikio tu, sasa ndio jicho linamwona. Mtu wa dini kabisa, na alikuwa bado anasikia sikia. Na hapo katikati angalia alichokifanya, kwa sura nyingi kabisa anamlalamikia Mungu, anamdai majibu, na mwisho Mungu anasema marafiki zake waliokuwa wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri ndio hawakunena yaliyo sawa, Ayubu ndiye aliyenena. Na sababu ya mateso hakuambiwa mpaka mwisho! Alichopewa ni Mungu mwenyewe kuja na kuongea naye.

Sasa mimi asubuhi nafanya nini. Nasoma zaburi moja kwa sauti, napita zote 150 kisha narudi mwanzo, sichagui zile tamu tu. Nikifika ya 13 nauliza "hata lini", nikifika ya 88 ambayo inaanza na kilio na kuishia gizani bila shukrani hata moja, naisoma hivyohivyo. Hiyo 88 imewekwa na Mungu ndani ya Biblia ili mtu kama wewe awe na la kusema siku ambayo amina inakwama. Mwambie habari za mdogo wako kama zilivyo, usizipambe. Huwezi kujuana na mtu unayemficha jambo kubwa kuliko yote moyoni mwako.

Mjukuu_wa_Bukoba
Mzee kasema kweli. Dada mimi naongeza habari moja ambayo kwetu Kagera tumekua nayo, bibi yangu alikuwa ndugu wa uamsho, wale Wakristo wa huku Afrika Mashariki wenye wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, yaani "tunakusifu". Watu wengi wanaujua wimbo ila hawajui uamsho wenyewe ulivyoanza. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church, yuko hospitali ya Gahini Rwanda, mmisionari kamili, ametoka kuhangaika na ile njaa kubwa ya Rwanda, amechoka hana kitu rohoni. Mwaka 1929 akaenda Kampala, pale Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa na njaa hiyohiyo ya Mungu. Hawakuandaa mkutano wa hadhara wala nini, walikaa chini wawili na Biblia wakaomba na kuambiana ukweli. Kutoka hapo moto ukaenda Gahini, Uganda, ukavuka kuja kwetu, Kenya, mpaka watu kama askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, naye ni matunda ya uamsho huo.

Ninachotaka kusema ni kwamba wale ndugu walikuwa na neno "kutembea nuruni", ile ya 1 Yohana 1:7, maana yake kila juma wanakaa wachache, mtu anasema hali yake ya kweli mbele ya wenzake, sio ushuhuda wa kupendeza tu. Wewe umesema kanisani unaona aibu kuuliza. Tafuta hata mtu mmoja tu, dada mwenzio wa kwaya ambaye hasambazi maneno, umwambie ulivyotuambia sisi hapa. Bibi hakuwa na elimu ya theolojia ila ukimsikia akiomba unajua huyu anaongea na mtu anayemjua, na alizika watoto wake kadhaa. Alikuwa analia na anaimba palepale.

Rozari_na_Chai
Mimi Mkatoliki naomba nichangie kidogo. Usiku kabla ya kulala nafanya kitu alichofundisha Mt. Ignasi wa Loyola, yule mwanzilishi wa Wajesuiti. Unakaa kimya unapitia siku yako taratibu toka asubuhi mbele ya Mungu, unashukuru kitu kimojakimoja, wapi nilimsogelea, wapi nilimkimbia, nani aliniletea wema nikapita tu, halafu unaomba msamaha na unaiombea kesho. Basi. Mwanzoni unaona hakuna kitu ila baada ya muda unaanza kuona mkono wake kwenye mambo madogo ambayo ulikuwa huyaoni kabisa.

Binti_Uyole
Jamani nimelia hapa, asanteni. Mzee hiyo ya 88 nimeisoma sasa hivi, sikuwahi kujua ipo. Ila bado nina swali. Kama aliweza kumponya mdogo wangu na hakumponya, kumtumaini maana yake nini sasa? Nimtumainie nini?

MzeeWaZaburi
Mwanangu, hapo sina jibu la kwa nini na atakayekupa jibu rahisi usimsikilize. Ila soma Danieli 3, wale vijana watatu mbele ya tanuru, wanasema Mungu wetu anaweza kutuokoa, halafu wanaongeza "bali kama si hivyo", hatuabudu sanamu. Walikuwa wanamtumaini yeye kabla hawajajua moto utaishaje. Na huyo yeye ni nani utamwona kwa Yesu, yeye mwenyewe alisema aliyemwona yeye amemwona Baba. Kwa hiyo chukua Injili ya Marko, sura 16 tu, ukae chini uisome kwa mkao mmoja kama barua, usitafute mstari wa kukariri. Uangalie tu huyu mtu yukoje. Sura ya 4 wanafunzi wako naye chomboni, dhoruba, yeye kalala, wanamuuliza si kitu kwako kuwa tunaangamia? Swali lako hilohilo. Hakuwatupa majini kwa kuuliza. Sura ya 9 baba wa mtoto mgonjwa anasema "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na Yesu akaikubali imani hiyo iliyochanika. Sura ya 14 Yesu mwenyewe anaomba kikombe kimwondokee na hakikuondoka. Hapo simama kidogo. Anajua ombi lisilojibiwa lina uchungu gani.

Binti_Uyole
Hiyo ya kikombe sikuwahi kuiangalia hivyo hata siku moja. Nitaanza Marko Jumamosi nikiwa sina mazoezi ya kwaya. Nisome Biblia ya tafsiri ipi, Union ile ya zamani au Habari Njema?

Mjukuu_wa_Bukoba
Kwa kusoma mfululizo chukua Habari Njema, lugha inateleza. Zaburi baki na Union. Na ukimpata huyo dada wa kwaya someni wote wawili, mmoja anasoma sura moja mwingine inayofuata.