Tupeane uzoefu: kupanga mwaka mzima wa safari kwa kufuata sherehe na maajabu ya misimu

Kalenda Ukutani
Wakuu, salaam. Wapo wanaosafiri ili mradi wamesafiri, na tupo tunaofuata kitu: maua yachanue, nyumbu wavuke mto, watu wamwagiane maji barabarani. Mwaka ujao nataka niupange hivyo kuanzia Januari mpaka Desemba, na ugumu nimeshauona.

Sherehe zenye tarehe za kudumu hazina shida. Songkran ya Thailand ni Aprili 13 hadi 15, Naadam ya Mongolia ni Julai 11 hadi 13. Zinazofuata mwandamo wa mwezi, kama Holi ya India, zinahamahama lakini angalau zinajulikana mapema. Kinachonisumbua ni kundi la tatu, yale mambo yasiyojua kalenda kabisa. Waliokwisha kuyafuata waje hapa watueleze walijipangaje na walikuta nini. Tafadhali, zile orodha za "sehemu 50 za kwenda kabla hujafa" msiniletee, zimejaa tele.

Kasia la Pili
Mkuu, kwenye kundi lako la tatu kuna sherehe pia, si wanyama na maua peke yake. Mfano ni Kuomboka ya Walozi, magharibi mwa Zambia. Mto Zambezi ukifurika, mfalme wao, Litunga, anahama kwa maji kutoka Lealui kule bondeni kwenda Limulunga kwenye mwinuko. Mara nyingi ni kati ya Machi na Aprili, ila tarehe hutangazwa maji yakishaonekana yanatosha, na miaka ya ukame haifanyiki. Haya sasa, kata tiketi ya ndege nusu mwaka kabla!

Dawa niliyotumia ni kutoiweka kuwa nguzo ya safari. Nguzo yangu ilikuwa maporomoko ya Victoria, kwa sababu hayo hayaahirishwi. Aprili maji yako juu sana, manyunyu yanakulowesha hata ukiwa mbali, na usiku wa mwezi mpevu, mbingu ikiwa safi, unaona upinde wa mvua gizani. Nikapanga siku zangu kuzunguka mwezi huo mpevu, nikaacha nafasi mbele na nyuma. Tangazo lilipotoka nikapanda basi la Mongu. Lisingetoka, nisingekuwa na cha kulilia.

Na kwa kweli inastahili. Usiku wa kuamkia siku yenyewe zinapigwa ngoma kubwa zinazoitwa Maoma. Asubuhi inatoka Nalikwanda, chombo cha mfalme, kina milia myeusi na myeupe, juu ya paa kasimama tembo wa kuundwa, na masikio yake yanapepea! Kuna watu ndani wanayachezesha. Moshi unafuka kutoka kwenye chombo saa zote, maana yake mfalme mzima, safari inaendelea. Sisi tuliokuwa Limulunga tulisubiri juani karibu kutwa nzima. Litunga huondoka na mavazi ya jadi, halafu anashuka amevaa sare ya admirali wa Kiingereza, nguo iliyoanzia kwa mfalme Edward VII mwaka 1902. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa ameshaiona miaka nenda rudi, lakini vigelegele vilipoanza alisukumana mbele kuliko vijana.

Kalenda Ukutani
Hapo kwenye nguzo umenifungua macho, mkuu. Nilikuwa nimeweka kila mwezi tukio moja, na yote nimeyafanya nguzo.

Treni ya Kaskazini
Ongezea na hili: vitu vingine havina tarehe ila vina mwelekeo. Maua ya cheri ya Japani huanza Okinawa mwezi Januari, Tokyo ni mwishoni mwa Machi, halafu yanapanda kaskazini mpaka Hokkaido mwishoni mwa Aprili na kuingia Mei. Mji mmoja unakupa kama wiki moja tu, na mvua yenye upepo ikipita yamekwisha. Kwa hiyo msitafute tarehe, tafuteni reli. Nilipofika Tokyo chini kulikuwa kweupe pe kwa maua yaliyopukutika, nikasogea kaskazini nikayakuta ndiyo kwanza yanafumbua.

Halafu mniwie radhi, siku ya kupukutika ni nzuri kuliko ya kuchanua. Hapa sibishani na mtu.

Maji Mafu
Mimi nawaletea ngumu kuliko zote: kaa wekundu wa kisiwa cha Christmas, kile cha Australia katika Bahari ya Hindi. Mamilioni yao wanaishi msituni, na mvua za kwanza za Oktoba au Novemba ndizo zinazowaamsha kushuka baharini. Lakini mvua peke yake haitoshi. Majike humwaga mayai kabla ya alfajiri, maji yakianza kupwa, na mwezi ukiwa robo ya mwisho. Mtu wa pwani ataelewa: ni siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mvua ikichelewa na mwezi ukapita, wengi wanangoja mzunguko unaofuata.

Kwa hiyo ukiwa na jedwali la mwezi tayari una nusu ya jibu. Unaandika siku za robo ya mwisho za Novemba na Desemba, na Januari kama akiba, kisha unafuatilia mvua. Barabara kadhaa zinafungwa kuwapisha, na mahali pengine wamejengewa daraja juu ya barabara. Kinachobaki kichwani ni sauti. Ukisimama kimya unasikia majani makavu yanakwaruzwa pande zote, na humwoni mtu.

Bi Asubuhi
Wanangu, habari za jioni. Naona wengi mnapenda kuunganisha matukio mawili kwa safari moja, basi angalieni Mexico. Siku ya Wafu, sherehe yao ya kuwakumbuka marehemu, ni Novemba 1 na 2, na vipepeo wa monaki wanaotoka Kanada na Marekani huanza kufika milima ya Michoacán siku hizo hizo. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mwanzoni mwa Novemba ndio wanaingia tu, bado hawajatulia. Mimi niliwafuata Februari, na ningeambiwa nichague tena ningechagua Februari.

Ukifika asubuhi na baridi unaweza kudhani umedanganywa. Miti imening'iniza vitu vya kahawia kama majani yaliyokauka, mpaka matawi yameinama. Jua likipenya, kimoja kinafungua mbawa, rangi ya chungwa inatokeza, halafu tawi zima linapasuka. Huko juu ni kama mita 3,000, pumzi inakata, kwa hiyo pandeni polepole na mfike mapema.

Dakika Sita
Msisahau upande wa pili, kwamba tarehe ikijulikana sana nayo ni shida. Agosti 2, 2027 jua litapatwa kabisa, na maeneo ya Luxor kule Misri giza litazidi dakika 6. Mawingu ya Agosti kule ni nadra, joto ndilo la kuogopa. Kwa sababu kila mtu anaijua mpaka sekunde, malazi ndiyo ya kukimbilia. Kwa matukio ya aina hii lipia chumba kwanza, tiketi baadaye. Kwa ya Kasia la Pili fanya kinyume: chumba kingoje mpaka tangazo litoke.

Kalenda Ukutani
Shukrani wadau, Bi Asubuhi shikamoo. Sasa mniambie na nyumbu. Nimewaweka Agosti kule mto Mara, niwahamishe?

Kasia la Pili
Kuvuka mto ni Julai mpaka Oktoba, lakini siku hakuna anayeijua. Kundi linaweza kusimama ukingoni saa nzima, likageuka, likarudi kula majani. Kama una subira ya kukaa garini na darubini, nenda. Kama huna, waweke Februari kusini mwa Serengeti, pande za Ndutu. Ndio wanazaa, na wengi wanazaa ndani ya wiki chache zilezile, kwa hiyo ukienda katikati ya mwezi ni vigumu kutoka mikono mitupu. Ndama anasimama ndani ya dakika chache tu, na fisi wako hapohapo wanamwangalia. Ila Februari umeshampa Bi Asubuhi, itabidi mmoja asogee Machi, na vipepeo Machi wanaanza kuondoka.