TUPEANE UZOEFU: Medali hazipo kwenye DD-214 yako? Ulizipataje?

FundiWaKandahar (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa waliovaa kombati za Marekani, pamoja na wajane, watoto na wajukuu wao. Waswahili tupo wengi humo: kuna tulioingia baada ya kushinda bahati nasibu ya viza, kuna walioingia kwa MAVNI, ule mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi au lugha maalumu, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizohitajika, na sasa kuna watoto waliozaliwa hukohuko. Ombi langu ni moja. Kama ulikuta medali imekosekana kwenye kumbukumbu zako, tueleze ilikuwa ipi, ulipeleka ushahidi gani na ulijibiwa nini. Naanza mimi.

Nilikuwa fundi magari wa Jeshi la Nchi Kavu. Mwaka 2012 kikosi chetu kilikuwa Kandahar, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuvuta magari yaliyopigwa na mabomu ya kutegwa barabarani. Nilipotoka jeshini nikapewa cheti changu cha kutoka, hiyo DD-214, nikakiweka kabatini. Miaka ikapita. Nikaomba kazi ya serikali kuu, ambako askari wa zamani tunaongezewa alama 5. Ofisa ajira akaniuliza: medali yako ya kampeni, yaani ya kutumikia eneo la vita, iko wapi? Sisi tulioingia jeshini baada ya tarehe 31 Agosti 2010 hatuwezi kupata alama hizo kwa kigezo kile cha kutumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, kwa hiyo medali ya kampeni ina uzito wake.

Nikakitoa cheti, nikatazama kisanduku cha 13, ndipo zinapoandikwa medali zote. Medali ya Ulinzi wa Taifa ipo. Utepe wa Jeshi la Nchi Kavu upo. Utepe wa utumishi wa ng'ambo upo. Halafu ile mishazari miwili na maneno ya kwamba hakuna kinachofuata. Medali ya Kampeni ya Afghanistan haimo, ya NATO haimo. Lakini shuka chini, karatasi ileile, kisanduku cha 18: imeandikwa kabisa kwamba nilitumikia Afghanistan, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, kwenye eneo la posho ya hatari. Na medali ile masharti yake ni siku 30 mfululizo ndani ya nchi ile, au siku 60 za vipandevipande. Yaani karatasi yenyewe ilikuwa shahidi wangu.

Nilikusanya hati za mshahara za miezi ile zinazoonyesha posho ya dola 225 kwa mwezi, amri ya safari ya kikosi, na cheti kilichokuja na medali ya NATO. Nikaambatisha na barua fupi, nikapeleka kwenye kamandi ya rasilimali watu ya jeshi, Fort Knox, Kentucky. Sikueleza historia ya vita. Niliandika: kisanduku cha 13 kinapungukiwa hiki na hiki, ushahidi ni kisanduku cha 18 na viambatisho hivi. Walichonirudishia si DD-214 mpya. Ni DD-215, karatasi ya marekebisho inayotaja kisanduku gani kimebadilishwa na kimeongezwa nini. Zikae pamoja siku zote, maana DD-215 ikiwa peke yake haijitoshelezi.

Nilijisikia vizuri kuliko nilivyotegemea, na siyo kwa sababu ya kazi. Barabara ile ilichukua mwenzetu, na gari lake tulilivuta sisi. Sikutaka iandikwe popote kwamba hatukuwepo.

DadaWaEldoret

Asante sana kaka kwa uzi huu, umegusa mahali penyewe. Yangu ni tofauti kidogo kwa sababu medali yangu haikuwa ya kampeni, ilikuwa ya kupendekezwa.

Mimi nilikuwa mhudumu wa afya na niliingia kwa MAVNI. Wakenya mnajua majina yetu: la ubatizo, la ukoo, la baba, na kila ofisi inachagua lake la mwisho. Nilipoandikishwa, jina la kati ndilo lililochukuliwa kuwa la ukoo. Nilipopata uraia nikiwa kwenye mafunzo, jina likarekebishwa kwenye cheti cha uraia. Tokea hapo jeshini kukawa na mimi wawili. Pendekezo la medali yangu, ile fomu DA-638 yenye sahihi za wakubwa wote, likapita kwa jina la zamani. Siku ya gwaride nilivishwa medali na nikapewa cheti. Lakini kwenye jalada langu la kielektroniki haikuingia, na DD-214 ikatoka bila hiyo medali.

Hapa ndipo watu wanachanganya mambo. Medali ya kampeni unaistahili kwa kuwepo mahali fulani tarehe fulani. Ya kupendekezwa lazima kuwe na amri iliyoidhinishwa, yenye namba na tarehe. Usipokuwa na amri, kusema "nilivishwa mbele ya watu" hakutoshi, hata uwe na picha. Mimi nilikuwa na cheti chenye namba ya amri, pamoja na nakala ya DA-638. Nikaweka na cheti cha uraia, nikaandika barua inayoeleza kwamba majina haya mawili ni mtu mmoja, na nikaambatisha kila hati yenye namba ileile ya utambulisho. Ofisi ya kwanza ilinijibu kwamba jalada halina kitu. Niliumia, kusema kweli, maana medali ile ilitokana na usiku ambao sitausahau, na vijana wawili waliopona usiku huo.

Hivyo nikaenda kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, kwa fomu DD-149. Hailipiwi chochote, na wakili si lazima. Lakini ni lazima uonyeshe umeanzia ofisi ya kawaida na umekataliwa au hukusaidiwa, kwa hiyo ile barua ya kukataliwa usiitupe, inakuwa kiambatisho chako. Bodi ilinisikiliza kwa makaratasi tu, sikuitwa mahali. Ikaamuru jina na medali virekebishwe pamoja.

Kuna na njia ya wale ambao pendekezo halikuwahi kuandikwa au lilipotea kabla ya kuidhinishwa. Sheria ya Marekani inaruhusu mbunge wako wa Kongresi kuliomba jeshi lipitie pendekezo la medali hata kama muda umepita. Utahitaji aliyekuwa mkubwa wako au mtu aliyeona tukio aandike. Wenzenu wa kikosi watafuteni wakiwa bado hai.

Gadi_Minnesota

Mimi nachangia fupi. Nilikuwa Gadi ya Taifa. Kabla hujalalamika, hakikisha unasoma karatasi inayohusika. Wakati wetu Gadi ukitoka ulikuwa unapewa cheti chake, NGB-22, na kila ulipoitwa kwenye utumishi kamili wa siku 90 au zaidi una DD-214 yake. Nimemsaidia jamaa wa Kisomali hapa mtaani aliyekuwa akihangaikia medali ya Iraq, kumbe iko kwenye DD-214 nyingine.

La pili, kisanduku cha 13 kikijaa, orodha inahamia kisanduku cha 18, na wengi hawafiki huko.

La tatu: kuna nakala fupi na nakala ndefu ya DD-214. Ile fupi haina sababu ya kutoka wala aina ya kutoka. Mwajiri na ofisi za mafao huwa wanataka ndefu, inaitwa nakala ya 4.

BiMkubwa_Mvita

Assalaam aleikum wanangu. Mimi si askari, mimi ni mjane wa askari. Marehemu mume wangu alikuwa Mmarekani, alikuja Mombasa kikazi baadaye sana, tukaoana. Ujanani alipigana Korea. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wanangu wakataka wawe na medali za baba yao kwenye fremu, waning'inize sebuleni. Katika vitu vyake hakukuwa na kitu isipokuwa picha moja yuko ndani ya koti zito, theluji mpaka magotini.

Tukaomba kumbukumbu kituo cha St. Louis, Missouri, kwa fomu SF-180. Mjane ambaye hajaolewa tena ana haki ya kuomba, na mtoto, na mzazi, na ndugu wa tumbo moja. Jibu likaja kwamba jalada lake liliungua. Nikadhani ni uongo wa ofisi, wanangu wakanionyesha: tarehe 12 Julai 1973 jengo lile lilishika moto, ghorofa ya juu ikateketea, majalada baina ya milioni 16 na 18 yakapotea. Kwa askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, karibu asilimia 80 ya majalada yalikwenda. Mume wangu alikuwa ndani ya hao.

Lakini wanangu, kuungua si mwisho. Kuna fomu nyingine wanakutumia ya kujaza unachokijua: kikosi, mwaka, mahali alipoandikishwa, mahali alipoachishwa jeshi. Mimi nilijaza kutokana na hadithi zake, maana alikuwa akinisimulia jina la kikosi chake kila baridi ikimuuma magoti. Wao wakatafuta kwenye vitabu vya malipo na ripoti za asubuhi za vikosi, ambazo ziliwekwa pengine. Tukaletewa kivuli cha karatasi, kingo zake nyeusi, maandishi ya mashine yamekatika upande mmoja, lakini jina lake likasomeka, na Korea ikasomeka. Nikalia siku ile.

Kwa karatasi ile wakatupa Medali ya Utumishi wa Korea na ile ya Umoja wa Mataifa. Na kuna moja hatukuiomba kwa sababu hatukuijua: Medali ya Vita kutoka kwa Jamhuri ya Korea yenyewe. Serikali ya Korea Kusini iliwapa wageni waliowasaidia tangu miaka ile ya 1950, lakini Marekani haikuwaruhusu askari wake kuipokea mpaka mwaka 1999. Kwa hiyo aliyetoka jeshini zamani haiwezi kuwemo kwenye cheti chake. Mwenye mzee wa Korea nyumbani, hai au marehemu, muulizieni hiyo.

FundiWaKandahar (mwanzisha uzi)

Shikamoo bi mkubwa, na pole sana kwa msiba. Hilo la mwaka 1999 sikuwahi kulisikia, nimejifunza. Wajukuu someni hapo.

MjukuuWaKAR

Naomba kuuliza hapahapa japo jeshi ni la Uingereza. Babu yangu alikuwa King's African Rifles, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua kubwa za monsuni. Alirudi na karatasi ya kuachishwa na nyota moja ya shaba, tunaamini ni Nyota ya Burma. Nyingine hatujui kama aliwahi kupewa. Jina lake kwenye karatasi ni moja tu, halafu namba, halafu kabila na jina la chifu wake. Nianzie wapi?

FundiWaKandahar (mwanzisha uzi)

Mkuu, fomu zetu hizi hazikuhusu, kila serikali ina ofisi yake. Kwa Uingereza medali zinashughulikiwa na ofisi ya Wizara ya Ulinzi iliyoko Innsworth, Gloucester. Ile namba ndiyo mali, itunze kuliko jina. Piga picha karatasi pande zote mbili, hata upande mtupu, mara nyingi kuna mhuri hafifu. Na nyota yenyewe usitegemee kukuta jina la babu nyuma yake, medali nyingi za Uingereza za vita ile zilitolewa bila kuchongwa jina. Aliyepigana Burma kwa kawaida anastahili pia Nyota ya 1939–45 na Medali ya Vita, kwa hiyo ziulizie zote kwenye barua moja.

KijanaWaHouston

Wakuu, mimi bado nimo, natoka mwaka huu. Nina maswali mawili. Kuna ukomo wa muda? Na nitazame nini kabla ya kutia sahihi?

DadaWaEldoret

Mdogo wangu, kwa Bodi sheria inasema miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Ukichelewa bado wanaweza kukusikiliza wakiona haki inadai hivyo, ila lazima ueleze kwa nini umechelewa. Kwa hiyo andika tarehe uliyogundua.

Kabla ya kutoka utapewa rasimu ya DD-214 uikague. Kaa nayo mezani na amri zako zote. Linganisha jina lako na cheti cha uraia, herufi kwa herufi. Linganisha kila medali ya kisanduku cha 13 na kile kilichomo kwenye jalada lako la kielektroniki, na kisichokuwemo jaladani kipeleke kikaingizwe kwanza. Tazama tarehe za ng'ambo kisanduku cha 18 zilingane na amri za safari. Hati za mshahara za miezi uliyokuwa nje zipakue sasa hivi, maana ukishatoka kuzipata kunakuwa kazi. Karani akikuambia "tutarekebisha baadaye", mwombe kwa heshima airekebishe mbele yako, au umwone sajini wake.

KijanaWaHouston

Asante dada. Rasimu yangu inatoka wiki ijayo. Medali ya mwenendo mwema ya miaka 3 sijaiona jaladani, naanza na hiyo kesho asubuhi.