Waandishi wa habari wa kujitegemea Nakuru, Kisumu na Magharibi: tupeane uzoefu

Wenzangu, hamjambo? Mimi niko Nakuru, na tangu nianze kazi hii sijawahi kupokea mshahara. Nalipwa kwa stori. Stori isipotoka, nauli, bando na siku nzima vimekwenda.

Bwawa la Patel lilipopasuka Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu wasiopungua 47 walikufa. Alfajiri nilipanda bodaboda kwa pesa ya kodi ya nyumba, simu nimeifunga kwa karatasi ya mkate isilowe. Nilimkuta mzee ameinamia beseni, anaosha daftari la mjukuu wake ukurasa mmoja mmoja, wino wote umeshatoka. Nilikaa naye kwanza, ndipo nikaomba ruhusa ya picha. Ilitumika bila jina langu, na malipo yakaja baada ya miezi minne ya kupiga simu. Siku hizi situmi kitu kabla bei haijaandikwa, hata kwa WhatsApp tu.

Nyinyi je?

Wa Kisumu: Pole sana ndugu. Huku kwetu, wahariri wa Nairobi wakikupigia wanataka siasa. Miaka miwili nimepeleka habari za gugumaji, mmea unaoelea majini, jinsi linavyoziba Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria hadi mashua za ufuo wa Dunga zishindwe kutoka, naambiwa hiyo ni ya zamani. Jarida moja la nje likaichukua, tena wakalipa nusu kabla sijatoka nyumbani. Riziki yangu iko kwenye kulijua ziwa. Na kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari msiiache ipitwe na muda. Kwenye maandamano ya Juni 2024 askari aliitazama, akanipisha.

Wa Busia: Kaka, kinachoniumiza mimi ni bahasha. Mheshimiwa anakuja Budalang'i na magodoro wakati wa mafuriko, akimaliza msaidizi wake anatugawia "nauli". Nina watoto wawili na deni dukani, lakini siichukui. Akina mama wa kambini wameliona hilo. Mto Nzoia ukianza kupanda, mimi ndiye wanayenipigia kwanza.

Wa Nakuru: Dada, Mungu akuzidishie. Naomba kuuliza: Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kuna mhariri ninayemdai stori sita. Nani amewahi kwenda huko, na alibeba ushahidi gani?