Kwa nini msimamo wa jeshi kuhusu visahani vya angani ulibadilika kati ya 1947 na 1949?

Mdadisi:
Ndugu wanajamvi, Septemba 1947, miezi mitatu baada ya rubani Kenneth Arnold kuripoti vitu tisa vyenye kung'aa karibu na Mlima Rainier, Jenerali Nathan Twining wa Jeshi la Anga la Marekani aliandika kwamba jambo linaloripotiwa ni halisi, wala si njozi. Ndipo ukaanzishwa mradi wa Sign, wa jeshi hilo kuchunguza taarifa za vitu hivyo visivyotambulika. Mwaka 1949 mradi huo ukapewa jina la Grudge, na kazi yake ikawa kama kuzima taarifa badala ya kuzichunguza. Kulitokea nini?

Msomaji wa Kumbukumbu:
Hofu ya mwanzo ilikuwa kwamba ni vyombo vipya vya Wasovieti, kwa kuwa Marekani na Wasovieti wote walikuwa wamewachukua wahandisi wa Kijerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Edward Ruppelt, aliyekuja kuongoza mradi wa Blue Book uliofuata baada ya Grudge, ameeleza kwamba wachunguzi wa Sign waliandaa tathmini iliyosema vitu hivyo vinatoka nje ya dunia, na Jenerali Hoyt Vandenberg, mkuu wa Jeshi la Anga, akaikataa kwa kukosa uthibitisho. Baada ya hapo, nani angethubutu kuirudia hoja hiyo?

Fundi Rada:
Naongezea jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi, nalo ni usiri wa jeshi lenyewe. Tarehe 7 Januari 1948, Kapteni Thomas Mantell alikifuata kitu cheupe katika anga la Kentucky kwa ndege ya F-51 isiyokuwa na oksijeni, akazidi kupanda hadi ndege ikaanguka, naye akafariki. Maelezo ya kwanza yalitaja sayari ya Zuhura, ambayo mchana ule isingeonekana kwa urahisi. Baadaye ilidhaniwa, na mimi nakubali, kwamba lilikuwa puto kubwa la utafiti la Skyhook, la Jeshi la Wanamaji, lenye kuruka juu sana, mradi ambao wakati huo ulikuwa siri. Mchunguzi atapataje jibu sahihi ikiwa hata wenzake wenye sare wanamficha?

Mdadisi:
Nashukuru sana. Je, zile taarifa 701 kati ya 12,618 ambazo Blue Book iliziacha bila ufumbuzi nazo tuzihesabu kuwa maputo?

Fundi Rada:
Hapana, Ndugu. Taarifa zenye maelezo pungufu ziliwekwa katika fungu lao, mbali na hizo 701, kwa hiyo hizo 701 zilihitaji kuchunguzwa moja moja, kwa watumishi ambao Blue Book haikuwa nao.